Si rezo peke yake: historia ya ukurasa unaochelewa kufunguka, Butembo na Beni

Wandugu wasomi, tuko na neno moja tunalolitumia kwa kila shida ya ordinatere: "rezo iko chini." Fomu ya burse haionekani: rezo. Picha inashuka nusu-nusu: rezo. Unapiga herufi kwenye klavye, inatokea sekunde kumi nyuma: eti rezo pia. Neno hili halikutoka hewani. Kuna wakati lilikuwa la kweli kabisa. Lakini sababu za uchelewaji zimebadilika mara kadhaa, na siye tumebaki na jibu moja. Jibu hilo linatukulia feza, na mbaya zaidi linatukulia tarehe za mwisho. Mutu ananunua mega mara mbili usiku mmoja, fomu inakataa, saa sita inapita, burse imeenda.

Njo maana leo nataka tufuate historia ya ukurasa unaochelewa hapa kwetu. Ukiijua, utajua pia ugonjwa unakaa wapi.

1. Wakati wa antena

Turudi mwanzo wa miaka ya 2000. Mutandao wa serikali wa simu za nyaya ulikuwa umeporomoka karibu inchi nzima. Vita vya 1998 vilikuwa vimekata Kivu na Kinshasa, na Beni ilikuwa makao ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi. Lakini biashara haikulala. Wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wanaenda Dubai na hata China kutafuta bidhaa, na mutu mwenye kontena baharini anahitaji kuandikiana na muuzaji wake. Simu za mukononi zikafika (Vodacom ilianza kazi Congo mwaka 2002), lakini ukurasa wa intaneti haukuweza kupita kwa simu hizo kwa raha. Kwa intaneti yenyewe ilibaki njia moja: antena kubwa ya sahani juu ya paa, inayotazama satelaiti.

Satelaiti za aina hiyo ziko juu ya ikweta, kilometa 35.786 toka ardhini. Siye tuko karibu sana na ikweta, lakini hata hivyo umbali ni uleule. Tufanye hesabu. Ukibonyeza, ombi lako linapanda mpaka satelaiti, linashuka kwenye kituo Ulaya au pengine, jibu linapanda tena, linashuka tena kwako. Ni mara nne, karibu kilometa 143.000. Mawimbi yanakimbia kilometa 300.000 kwa sekunde. Donc kabla hujapata hata herufi moja, karibu nusu sekunde imekwisha. Na ukurasa mumoja hauombi mara moja tu. Unaomba maandishi, kisha rangi, kisha kila picha. Zile nusu sekunde zinajumlishana.

Halafu kuna upana wa njia. Chukua sibere yenye njia ya kilobiti 128 kwa sekunde. Hiyo ni kilobaiti 16 tu kwa sekunde, na watu kumi wanagawana. Kila mutu anabaki na kilobaiti moja na nusu. Ukurasa wa kilobaiti 100, ambao leo tungeuita mudogo sana, unachukua zaidi ya dakika moja. Na muteja analipa kwa dakika! Ikinyesha, mawimbi yanadhoofika. Grupu likizimika, kila kitu kinazimika. Wakati ule, aliyesema "rezo iko chini" alisema kweli. Hakukuwa na haja ya kuchunguza mashini.

2. Kabo ya Mombasa

Mwezi wa saba 2009 kabo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa. Mwaka uleule ikafika TEAMS, na 2010 EASSy. Kabla ya hapo, pwani yetu ya mashariki ilitegemea satelaiti karibu kwa kila kitu. Upande wa Atlantiki, Congo iliunganishwa na kabo ya WACS pale Muanda mwaka 2013.

Tazameni karte. Toka Butembo kwenda Muanda ni kuvuka inchi nzima, na barabara tunazijua. Lakini toka Butembo kwenda Beni, Kasindi, Kampala mpaka Mombasa ni njia ambayo magari yetu yanaifanya kila siku. Simenti, mafuta, nguo na ordinatere zinatoka kule. Bahari ya karibu kwetu iko upande huo, kwa bidhaa na kwa intaneti.

Kabo ilibadilisha nini? Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakimbia karibu kilometa 200.000 kwa sekunde. Ni polepole kuliko mawimbi ya angani, lakini safari ni fupi sana. Kwenda na kurudi kilometa 20.000 kunachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Njia yenyewe pia ni pana mara maelfu kuliko satelaiti ya sibere. Kampuni za simu zikaleta 3G, zikaja modemu za USB, kisha tukajifunza kugawa konexion toka kwenye simu. Katika miaka ya 2010 mutu aliweza kukaa nyumbani na kufungua ukurasa ambao zamani ulihitaji saa nzima ya sibere.

Sasa swali: kama njia ilipanuka hivyo, juu ya nini bado tunangoja?

3. Ukurasa ulinenepa

Jibu la kwanza liko kwenye ukurasa wenyewe. Kivinjari cha Mosaic cha 1993 njo kilizoesha watu kuona picha ndani ya maandishi. Netscape, mwaka 1994, ilileta kitu kizuri kwa watu wenye njia nyembamba: ilianza kuonyesha maandishi wakati picha bado ziko njiani. Mwaka 1995 Netscape hiyohiyo ikaleta JavaScript, yaani programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya ukurasa.

Hapo mambo yaligeuka. Zamani ukurasa ulikuwa kama gazeti: unafika, unasoma. Siku hizi ukurasa ni kama kazi inayotumwa kwa mashini yako: chukua maelfu ya mistari hii ya programu, isome, ifanye, chora matokeo. Kazi hiyo haifanyiki Mombasa wala Ulaya. Inafanyika pale mezani kwako. Mwaka 2010 ukurasa wa kati wa ordinatere ulikuwa chini ya kilobaiti 500. Miaka kumi na mbili kisha, ulikuwa umepita megabaiti 2. Njia ilipanuka, lakini muzigo nao ukaongezeka zaidi ya mara nne, na sehemu kubwa ya muzigo huo inaangukia prosesa na memware.

4. Mashini ilizeeka

Jibu la pili ni mashini. Ordinatere nyingi za meza tunazotumia ni za okazioni. Zilifanya kazi miaka fulani katika ofisi za Ulaya au pengine, zikauzwa, zikapakiwa. Nyingi ziko na gigabaiti 2 za memware na diski ya kuzunguka.

Sasa angalieni tarehe. Chrome ilitoka mwezi wa tisa 2008, na wazo lake kubwa lilikuwa kutenga kurasa: kila moja na sehemu yake ya memware, ili moja ikianguka zingine zisife. Firefox nayo ikafuata njia hiyo miaka ya 2016 na 2017. Ni wazo zuri, lakini linakula memware. Ukifungua kurasa kumi kwenye mashini ya gigabaiti 2, memware inajaa, na Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski. Diski ya kuzunguka iko polepole sana kuliko memware. Hapo njo unasikia diski inakwaruza, mushale umeganda, na unasema "rezo." Lakini rezo haina kosa. Ukurasa ulishafika zamani, mashini haina nafasi ya kuuchora.

Tena kuna kuzeeka kwa programu. Microsoft iliacha kuhudumia Windows XP mwezi wa ine 2014 na Windows 7 mwezi wa kwanza 2020. Chrome ya mwisho kwenye Windows 7 ni namba 109; toka mwanzo wa 2023 hakuna mupya. Ukurasa wa leo ulioandikwa kwa vivinjari vya leo, ukiufungua na kivinjari cha zamani, unaweza kuonyesha nusu, au kubaki mweupe kabisa. Hapo hata ungekuwa na kabo nzima ya Mombasa chumbani, hautafunguka.

Kuna na umeme. Butembo ilikaa miaka mingi bila kura ya kutegemewa. Mutambo mudogo wa maji wa Mutwanga, teritware ya Beni, ulianza 2013, lakini kwa wengi grupu na panno za jua ziliendelea kuwa kawaida. Mashini inayozimwa gafula mara mingi inaharibu diski polepole, na diski inayougua inafanya kila kitu kichelewe, hata kufungua fotere tupu.

5. Wakati kosa lilikuwa kweli la rezo

Nisieleweke vibaya. Kuna siku hakuna mashini ya kulaumu. Uchaguzi wa 30 desemba 2018 haukufanyika Beni na Butembo. Uliahirishwa mpaka mwezi wa tatu 2019, sababu zilizotolewa zikiwa Ebola na usalama. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikakatwa inchi nzima, na ikarudi tu karibu na tarehe 20 januari. Nani asiyekumbuka? Ordinatere mupya na ya zamani zilikuwa sawa. Nadhani siku kama hizo njo zilitia muhuri lile neno letu: tulizoea kwamba uchelewaji unatoka kwa wakubwa na kwa kampuni, hauwezi kutoka kwenye meza yetu.

6. Tutafute ugonjwa kwa mpangilio

Siye wa agronomia tunafundishwa jambo moja mapema: jani la haragi likigeuka manjano, usikimbilie mbolea. Pengine ni azoti, pengine maji yametuama, pengine ni mizizi. Ukiweka mbolea kwenye muzizi unaooza, umepoteza mbolea na haragi. Kununua mega kwa mashini iliyojaa ni vilevile. Basi, tuchunguze hatua kwa hatua.

Kwanza, chukua simu, uiunge kwenye konexion ileile, ufungue ukurasa uleule. Simu ikifungua haraka na ordinatere ikilala, rezo imeachiliwa huru. Zote mbili zikilala, jaribu ukurasa mwepesi wa maandishi matupu. Ule ukifunguka, njia ipo, ila ni nyembamba kwa muzigo unaouomba. Fanya kazi yako alfajiri, watu wachache wakiwa juu.

Pili, angalia saa na tarehe ya ordinatere. Batri ndogo ya duara ndani ya mashini ya okazioni ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Kurasa salama zinakagua tarehe, na zitakataa kufunguka. Batri hiyo inauzwa bei ya chini.

Tatu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Angalia memware na diski. Zikiwa karibu na 100%, funga kurasa usizozihitaji na programu zinazoanza peke yake. Angalia pia kama Windows inajitelesharjia vitu nyuma yako. Kwenye mipangilio ya konexion unaweza kuiambia kwamba mega zinalipiwa, nayo itapunguza.

Ine, fungua dirisha la faragha. Kwa kawaida viongezo vya kivinjari havifanyi kazi mule. Ukurasa ukienda vizuri hapo, kiongezo kimoja njo muchawi. Viondoe kimoja kimoja.

Tano, kama ukurasa unafika lakini unajichora vibaya, unakatika vipande ukisogeza, au unaacha viraka vyeusi, shaka iko kwenye karte ya picha. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, zima "accélération matérielle", uanze upya. Ikiwa hali inakuwa mbaya zaidi, irudishe.

Mwisho, kama bado uko kwenye Windows 7, ujue mashini yako haina tena ulinzi wa kutosha. Kuna Firefox 115 ya muda mrefu iliyoendelea kuhudumia mashini hizo baada ya Chrome kuziacha, lakini ni dawa ya kupunguza maumivu. Kuongeza memware, au kuweka diski isiyozunguka, au kuweka Linux nyepesi kunasaidia zaidi, tena kwa bei ndogo kuliko kununua mashini ingine.

Mwezi wa tano 2025 Congo iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi. Satelaiti zake ziko chini sana, si kilometa 35.786 juu, na ile nusu sekunde ya zamani inapungua sana. Watu wengi waliingoja kama dawa ya kila kitu. Itasaidia kweli kweli kwa njia. Lakini ile mashini ya gigabaiti 2, yenye kurasa kumi wazi na diski inayokwaruza, itaendelea kulala hata chini ya antena mupya. Kabla ya kulipa, ichunguzeni kwanza, na muifanye juma moja kabla ya tarehe ya mwisho ya burse, si usiku wenyewe.