Treni ya Jumapili ya Strasburg

Strasburg ni mji mdogo katika kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, na reli yake ina urefu wa kilomita 7 hivi. Inatoka pembeni mwa mji, inakatiza mashamba ya Waamishi, jamii ya Wakristo ambao hadi leo hulima kwa nyumbu, na kufika Leaman Place, inakokutana na njia kuu ya Philadelphia na Harrisburg. Bunge la jimbo liliidhinisha kampuni hiyo mwaka 1832, na idhini ile ile ndiyo inayotumika hadi sasa. Wanaoisifu wengi hutaja umri huo na kunyamaza. Umri peke yake hausemi kitu, kwani reli kongwe zilizong'olewa ni nyingi. Cha kustaajabisha zaidi ni kwamba hii ni reli ya mizigo iliyookolewa na abiria wasio na safari.

Ilizaliwa kwa hofu. Wakazi wa Strasburg waliona njia mpya ya Philadelphia na Columbia inapita kaskazini mwao, wakatambua kwamba wasipojiunganisha nayo biashara itawahama. Basi wakajenga tawi, na kwa miaka ya mwanzo mabehewa yalivutwa na farasi. Mwaka 1908 tramu ya umeme ilikuja kunyakua abiria. Baadaye malori yakanyakua mizigo. Dhoruba za miaka ya 1950 zilipoharibu njia, ilibaki kung'oa vyuma na kuviuza. Novemba 1958 kundi la wapenzi wa reli, likiongozwa na Henry K. Long na Donald E. L. Hallock, liliinunua. Hapa mpangilio wa tarehe una maana kubwa: behewa lao la kwanza, tarehe 8 mwezi huo, lilibeba mzigo. Treni ya matembezi ilifuata Jumapili, Januari 4, 1959, ikivutwa na kichwa kidogo cha petroli kilichoundwa mwaka 1926. Mvuke haukurudi mpaka mwaka 1960. Watu hawa, basi, walinunua reli ili iendelee kufanya kazi, na matembezi ya mwisho wa wiki yakawa njia ya kulipia kazi hiyo.

Wako wanaosema yote ni maigizo. Ushahidi wao si haba. Injini namba 31 ya Strasburg ilitoka Kanada. Namba 90 ilikuwa ikivuta viazisukari huko Colorado. Namba 475 ilikuwa ya reli ya Norfolk and Western. Hata jengo la stesheni lilibomolewa East Petersburg na kuunganishwa upya Strasburg. Juu ya hayo, kuna siku ambazo watoto hufurika kumwona Thomas, yule garimoshi wa vitabuni mwenye uso. Sina haja ya kumtetea Thomas. Lakini hoja hii inachukulia kwamba ukweli wa reli umo katika vitu vyake, wakati reli ni kazi kwanza: kubadilisha mataruma yaliyooza, kukagua boila, kujua sauti ya bomba linalokaribia kupasuka. Ujuzi huo haukai kabatini kama sahani ya ukumbusho, usipotumika unapotea. Nauli za watalii zimeuweka hai, kiasi kwamba karakana ya Strasburg sasa hutengeneza injini na mabehewa ya reli nyingine.

Pingamizi zito zaidi ni la bahati. Watalii walikuwa tayari wakija Lancaster kuwatazama Waamishi. Tawi kama hili lililoko kwenye nyika isiyo na mgeni lingeokolewa na nani? Hilo ni kweli, na Strasburg haiwezi kuwa dawa ya kila reli fupi. Ila bahati ilileta watu tu. Kuamua nauli zao ziende wapi kulikuwa juu ya kampuni, nayo ilizipeleka kwenye njia. Ndiyo maana mizigo ilipoanza kuongezeka tena katika karne hii, na kampuni ya reli ya Norfolk Southern kuwa na mabehewa ya kukabidhi pale Leaman Place, kulikuwa na njia ya kuyapokea. Kama vyuma vingeuzwa mwaka 1958, hakuna mfanyabiashara ambaye angenunua upya ardhi ya kilomita 7, shamba kwa shamba, kwa ajili ya mabehewa machache.