Waya Mmoja wa A17

Simu za kwanza za iPhone zilipoingia madukani Marekani tarehe 29 Juni 2007, hata aliyelipa dola 599 hakuwa na hiari ya kuchagua mtandao. Simu ilifungwa kwa AT&T, tena kwa mkataba wa miaka 2, na ukiweka laini ya kampuni nyingine inakataa. Kero hii anaijua kila aliyewahi kuletewa simu na ndugu yake wa Ulaya, ikabidi aipitishe kwanza kwa fundi ndipo ikubali laini ya nyumbani.

George Hotz, kijana wa miaka 17 kutoka New Jersey, aliifungua yake kwa bisibisi ndogo na kile kipande cha plastiki cha kupigia gitaa. Hakuwa peke yake. Alisaidiana na wenzake kadhaa kupitia intaneti, na haki yao isipotee katika kusimulia habari hii.

Ndani walikuta vichakataji viwili. Kimoja kiliendesha skrini na programu. Cha pili, S-Gold 2 cha kampuni ya Infineon ya Ujerumani, kilishughulikia mawasiliano ya redio, na ndicho kilichoshika kufuli. Kila kilipowashwa, kilianza na programu fupi iliyotiwa humo kiwandani, isiyofutika. Kazi yake ilikuwa kuchungulia sehemu chache za kumbukumbu ya nje. Ikikuta pameandikwa kitu, inadai saini ya mtengenezaji. Ikikuta patupu, inapokea chochote bila kuuliza.

Kwa nini ikubali hivyo? Kwa sababu chipu iliyotoka kutengenezwa haina kitu ndani, na lazima mtu aijaze mara ya kwanza. Kiwanda kilijiachia mlango wake chenyewe. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa kisa kizima: kufuli halikuvunjwa, bali kichakataji kilirudishwa kwenye siku yake ya kuzaliwa.

Walifanyaje? Kichakataji huita kumbukumbu kwa anwani, na kila tarakimu ya anwani, sifuri au moja, hupita katika njia yake kwenye saketi. Sehemu zile zilizochunguliwa zilikuwa ndani ya programu nyingine iliyokaa kwenye kumbukumbu ya nje, tuiite mlinzi. Mlinzi huyo hakufutika, lakini eneo la programu kuu kwenye kumbukumbu hiyohiyo liliwezekana kufutwa, wakalifuta. Kisha Hotz akalehemu waya kwenye njia iitwayo A17 na kuitia umeme, ili isomeke moja muda wote wa ukaguzi. Kichakataji kikadhani kinachungulia pale kwa mlinzi, kumbe kinasoma eneo lililofutwa. Kikaona patupu, kikafungua mlango. Wakaingiza programu iliyorekebishwa, na mnamo Agosti 2007, miezi 2 haijatimia tangu mauzo yaanze, iPhone ikapiga simu kwa mtandao mwingine.

Simu ya pili aliyoifungua, Hotz aliibadilisha kwa gari aina ya Nissan 350Z na iPhone mpya 3. Septemba ikatoka programu ya kufungulia isiyohitaji kulehemu chochote, na mwisho wa mwezi huohuo toleo jipya la Apple likaziua nyingi kati ya simu zilizofunguliwa.

Haki ya mwenye simu kuifungua ilizozaniwa Marekani kwa miaka mingine mingi, hadi Rais Obama alipotia saini sheria ya kuiruhusu, tarehe 1 Agosti 2014.