Wimbo Una Mwenyewe

Nilikwenda klabu ya taarab nikitaka kuwa mwimbaji. Ilikuwa mwaka 1974, nina miaka 17, na nilikuwa nimeshajisikiliza mara nyingi chooni kwetu Kikwajuni, mahali ambapo ukuta humsaidia kila mwenye koo. Nikapanda ngazi, nikatoa salamu, nikaambiwa ningoje. Mzee aliyekuwa akiongoza muziki, ambaye sote tulimwita Fundi, alinipa karatasi yenye ubeti mmoja, akaniambia, "Haya mwanangu, tusikie."

Nikaimba. Hakukunja uso wala hakuisifu sauti. Kwa kweli hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akitazama mkono wangu wa kulia, uliokuwa ukipiga pajani bila mwenyewe kujua. Nilipomaliza aliondoka akaangua rika, tari ndogo, ukutani, akanitia mkononi. "Mkono wako una saa ndani," akasema. "Kaa pale, karibu na mpiga dumbak." Nilikaa pale miaka 38.

Klabu yenyewe siitaji jina, kwa sababu huko mbele nina jambo la kusema ambalo halitawafurahisha wote, na wengine tunakutana msikitini.

Watu wa Unguja tukiulizwa taarab ilitoka wapi, huanza na Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na kijana Mohamed Ibrahim aliyepelekwa Cairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Ni kisa kizuri na sote tumekipokea hivyo. Ila mimi naona ile ilikuwa taarab ya jumba: kuna mwenye nyumba, na kuna wanaopiga kwa sababu mwenye nyumba anataka kusikiliza. Kuwaongoza watu wa namna hiyo si kazi kubwa. Atakayekataa hana chakula.

Kazi ilianza 1905, vijana wa mjini walipounda Ikhwani Safaa. Jina walilichukua mbali, kwa wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, na maana yake ni ndugu wa usafi, ndugu waliosafiana nyoyo. Hapa hapana bwana. Wanachama walikuwa na shughuli zao mchana, na usiku wakakusanyika kwa mapenzi yao. Mtu kama huyo ukimfokea leo, kesho haji, na wewe mwenye kufoka utabaki na kanuni isiyo na mpigaji. Mtindo huu wa klabu ndio uliosambaa, na tangu hapo kiongozi wa taarab hakuwa na fimbo wala mshahara wa kumzuia mtu. Alichokuwa nacho ni sikio: ajue nani ana nini, kisha ampe mahali pa kukitoa.

Mwimbaji Siti binti Saad hakutoka klabuni, lakini yeye ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Alizaliwa Fumba mnamo 1880, binti wa mfinyanzi, akahamia mjini mwaka 1911. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akitembeza vyungu ndipo watu walipoijua sauti yake, kwa vile alinadi kwa kuimba. Mjini walimcheka kwa sura na kwa asili yake. Waliomsikiliza vizuri hawakumfundisha kuimba kama watu wa jumbani. Wakakaa naye. Kikundi chake kilikuwa na akina Subeti, Buda, Mbaruku na Maalim Shaabani, na nyumbani kwake Ng'ambo kulikuwa na mazoezi, maongezi na habari za mtaa, nyimbo zikapatikana humo humo kwenye maongezi. Mwaka 1928 wakasafiri hadi Bombay kurekodi santuri, kwa Kiswahili. Sauti iliyouza vyungu ikauza santuri pwani nzima.

Nyuma yao wakaja wanawake wa vyama vyenye majina ya kuvutia: Royal Air Force, Royal Navy, Nuru el Uyuni. Bibi yangu alikuwa mwanachama wa kimojawapo, na mpaka anakufa hakuwahi kunieleza kwa nini wanawake wa Ng'ambo walijiita jeshi la anga la Mwingereza. "Tulikuwa tunaruka," alinijibu mara moja, akaendelea kuchambua mchele. Alichokuwa akikieleza kwa urefu ni nani alikuwa hodari wa nini. Fulani hana sauti lakini akishika hesabu ya michango, senti haipotei. Fulani anajua kuchagua kitambaa cha sare. Fulani mumpeleke mbele kwenye msiba, maana maneno yake hupoza. Chama kilikuwa cha kuimba, lakini kilikuwa pia cha kuozana na kuzikana, na kila mmoja akaitwa kwa lile analoliweza.

Mimi nilikulia kwenye desturi ambayo mgeni akielezwa huiona ya ajabu kidogo: wimbo una mwenyewe. Shairi linakuja klabuni kwenye karatasi. Kamati inalipitia, mizani na maneno. Kisha mmoja analitia muziki, na mwingine anapewa aliimbe, na tangu siku ile wimbo ni wake. Mwenzake hauchukui. Akiwa mgonjwa, wimbo nao unalala naye.

Kwa hiyo siri yote ilikuwa kwenye kugawa. Fundi alikuwa akikaa na shairi wiki nzima, analisoma kwa sauti ya chini huku akinywa kahawa, na ukimuuliza anatafuta nini alikuwa akisema anatafuta koo lake. Hakutafuta koo zuri. Hilo mtu yeyote angeliona. Shairi la mtu aliyesamehe lakini hajasahau alimpa mama mmoja mwenye sauti nyembamba iliyokuwa ikitetemeka mwishoni mwa mstari. Sisi wapigaji tulinong'ona kwamba mama yule atauharibu wimbo. Siku ya onyesho, ule mtetemo tulioudhani kasoro ukawaliza watu viti vya mbele.

Na hili halikuwa la klabu yetu peke yake. Makame Faki wa Culture Musical Club watu walimwita Sauti ya Zege. Kwingine sauti nzito ya kukwaruza ingepelekwa nyuma kwa waitikiaji; huku ikawa jina la heshima na akapewa nyimbo zinazoitaka. Bi Kidude naye, aliyefariki Aprili 2013, ni nani angemkalisha kwenye kiti akamwambia afuate waraka wa muziki? Yeye alikuwa mtu wa ngoma za unyago, akiimba kwa sauti kubwa bila kuhitaji kipaza. Waliofaidika naye ni wale waliopiga kumfuata. Mwaka 2005 dunia ikampa tuzo ya WOMEX kwa yale yale ambayo mwalimu mwenye haraka angeyasahihisha.

Nije kwenye tunza, maana bila tunza haya yote ni nusu.

Msomaji aliyewahi kukaa kwenye taarab anajua. Mwimbaji yuko katikati ya ubeti, na mwanamke anainuka huko nyuma, noti kati ya vidole viwili, anakuja kwa mwendo wa kucheza, bila haraka, ili kila mtu amuone anakokwenda. Anampa mwimbaji, anageuka, anarudi kwa mwendo ule ule. Hakusubiri mwisho wa mwaka kusema kazi ni nzuri. Amesema katika mstari uleule uliomgusa, mbele za watu.

Lakini tunza ina ndimi mbili. Mara nyingi noti haimsifu mwimbaji. Inampasha mtu aliyekaa mstari wa tatu. Maneno ya wimbo yamemfika jirani au mke mwenza, na anayetunza anaweka saini tu. Waimbaji wachanga hawalijui hili. Kijana wetu mmoja alitunzwa sana usiku mmoja wa harusi Mwembetanga, akashuka kifua mbele. Fundi akampeleka kando na kumwambia taratibu, nami nasikia, "Mwanangu, zile pesa za leo si za koo lako. Ni za ugomvi wa nyumba ya pili. Za koo lako ni ile kumi aliyokupa bibi kizee, ubeti wa kwanza, kabla maneno hayajafika popote." Yule kijana aliipekua mikunjo ya noti akaitoa ile ya shilingi kumi. Nadhani anayo mpaka leo.

Pesa zenyewe kwetu zilikuwa zikiingia kwenye kikapu kimoja na kugawiwa. Mwimbaji alitunzwa, lakini mpiga besi naye alikula. Kulikuwa na manung'uniko, hasa ya waimbaji, na sitaki kusema mgao ulikuwa wa haki kila mara. Ila sisi wa nyuma, ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuinuka kwa ajili ya rika, tulihesabiwa.

Siku ya pili baada ya onyesho tulikaa barazani, na Fundi alianza kwa swali moja miaka yote: "Jana wapi palikaa?" Hakuuliza palipoharibika. Tulitaja. Pale fidla zilipoingia pamoja baada ya kituo. Pale waitikiaji waliposhusha sauti bila kuambiwa. Akauliza tena, kwa nini palikaa, nani alifanya nini. Makosa yalikuja yenyewe, na kwa kawaida mwenye kosa ndiye aliyelitaja. Msidhani alikuwa malaika. Fidla isiyowekwa sawa nyuzi ilimtoa akili, na mara moja aliufunga mlango wa klabu kwa ufunguo, sisi tuko nje, kwa sababu tulichelewa nusu saa.

Binti yangu anafanya kazi ofisini Dar es Salaam, na kuna mwaka walipelekwa semina ya uongozi. Alinirudia na habari za Mmarekani David Cooperrider, ambaye mnamo 1980, akiwa bado mwanafunzi wa Case Western Reserve, alikwenda kuichunguza hospitali ya Cleveland Clinic. Badala ya kukusanya matatizo ya madaktari akaanza kuwauliza ni lini kazi yao ilikwenda vizuri kabisa, na nini kiliifanya iende hivyo. Mwaka 1987 yeye na mwalimu wake Suresh Srivastva wakayaandika, na tangu hapo makampuni duniani yanafundishwa njia hiyo. "Baba," akaniambia, "tumelipia mambo ya baraza lenu." Nikamwambia asimdharau Mmarekani, yeye aliandika, Fundi hakuandika.

Sasa lile jambo nililoahidi.

Tulikuwa na mwimbaji, na aliweza. Fundi alimpa wimbo mmoja, mbili, saba. Kila shairi zuri lililokuja lilipata koo lake, na koo likawa lile lile. Tulimsifu, na sifa zilikuwa za kweli. Katika miaka ya 1990 taarab ya kisasa ikapamba moto, vinanda vya umeme, East African Melody na wenzao, na vikundi vinalipa. Mwimbaji wetu akafuatwa. Akaaga vizuri, akalia, akaenda. Na kwa kuwa wimbo una mwenyewe, programu yetu ikaondoka naye: tulibaki na nyimbo za kujaza saa moja na robo, na harusi inataka usiku kucha. Wengine walimlaumu yeye. Mimi namlaumu Fundi, Mungu amrehemu, na sisi pia tuliokuwa tukila kwenye kikapu alichokijaza yeye. Walikuwepo wasichana watatu miongoni mwa waitikiaji ambao hakuna aliyekaa na shairi wiki nzima kwa ajili yao. Ukipenda uwezo wa mtu mmoja mpaka ukaacha kusikiliza wengine, umerudi jumbani kwa Barghash, tofauti ni kwamba bwana sasa ndiye anayeimba.

Baada ya hapo Fundi alibadilika, nadhani kwa uchungu. Yule mama wa sauti ya kutetemeka alikuwa ameshafariki, na wimbo wake wa msamaha ulikuwa umelala miaka sita. Akaenda mwenyewe kwa watoto wa marehemu kuomba ruhusa, na walimpa. Kisha akauweka mbele ya mmoja wa wale wasichana, mtoto wa Makunduchi aliyekuwa akisomea uuguzi, na ambaye katika miaka minne sikuwahi kumsikia peke yake. Sauti yake ilikuwa pana na ya chini, haina mtetemo hata kidogo. Mpiga kanuni akasema wimbo haumkai. Fundi akamwambia ashushe nyuzi.

Ilichukua karibu nusu saa kuziweka sawa. Msichana amesimama na karatasi, inamcheza mkononi. Fidla zikaanza, dumbak ikaingia, nami nyuma yake. Mahali pa kuanza pakafika, pakampita. Hakuna aliyesimamisha. Fundi aliinamisha kichwa, akanitupia jicho, na mimi nikaendelea kuhesabu kwa rika, tukazunguka mara moja nzima, tukarudi pale pale, na safari hii akaingia.