Na Oljoro Je?

Nainokanoka, matokeo ya Ligi Kuu yalitufikia usiku, ng'ombe wakiwa wameshaingia bomani na ukungu umeshafunika njia ya kwenda Olmoti. Baba mdogo alikuwa na redio ya betri. Aliisogeza sikioni, akasikiliza Yanga wamefanya nini, akatabasamu au akanuna, kisha akauliza kama mtu aliyemkumbuka ndugu wa mbali: "Na Oljoro je?"

JKT Oljoro walicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza msimu wa 2011/12. Ilikuwa timu ya kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa, 833 KJ, nje kidogo ya mji wa Arusha, na mechi za nyumbani walichezea Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Sisi tuliocheza mpira kwenye nyasi za malisho tuliihesabu kuwa timu yetu. Ndiyo iliyokuwa karibu, ingawa kuifikia ilibidi ushuke hadi geti la Lodoare, upite Karatu na Mto wa Mbu, na siku iishie njiani.

Mwanzo ulitia moyo. Ligi ilikuwa na timu 14. Mwisho wa msimu ule walishuka Villa Squad, Polisi Dodoma na Moro United, Oljoro wakabaki. Msimu wa 2012/13 walishuka Toto African, African Lyon na Polisi Morogoro. Oljoro wakabaki tena. Kwa timu changa, kunusurika mara mbili si jambo dogo.

Lakini kupanda daraja kuna gharama zake. Timu 14 maana yake ni mechi 26, na 13 kati ya hizo ni za ugenini. Kutoka Arusha unakwenda Bukoba kwa Kagera Sugar, unakwenda Mbeya kwa Prisons, Turiani kwa Mtibwa, Tanga, na Dar es Salaam tena na tena, kila safari zaidi ya kilomita 600 kwenda tu. Hapo timu ya jeshi ina nafuu: kambi inaweza kumpa mchezaji kitanda, chakula, hata ajira. Kisichopatikana kambini ni mashabiki.

Hilo nililiona mwenyewe siku baba mdogo aliponipeleka Arusha kuwaona Yanga. Nilidhani tunakwenda kuishangilia Oljoro. Uwanjani nikakuta kijani na njano kila upande, na baba mdogo naye akatoa fulana ya njano chini ya shuka lake. Nilimuuliza imekuwaje. Alinijibu kwamba Oljoro ni ya kwetu, lakini Yanga ameikuta kwa baba yake. Wenyeji walicheza nyumbani kama wageni.

Nimeikumbuka fulana ile kila nilipotafakari msimu wa 2013/14. Mwaka ule Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza kabisa. Watu wa Mbeya waliifanya yao, wakaifuata hata ugenini. Azam walitwaa ubingwa bila kufungwa mechi hata moja. Mkiani walibaki Ashanti United, Rhino Rangers na Oljoro, wakashuka wote watatu. Ndio kwanza Azam TV ilikuwa imeanza kuonyesha ligi na kuzilipa klabu. Oljoro waliondoka mezani chakula kinapakuliwa.

Sisemi mashabiki peke yao wangewaokoa. Mabao hufungwa na wachezaji. Ila timu isiyo na watu haina wa kuidai ikifanya vibaya, wala wa kuililia ikianguka. Arusha haikuandamana. Nainokanoka tulisikia habari ile redioni, kisha tukasubiri taarifa ya hali ya hewa.

Tangu 2014 hakuna klabu ya Arusha iliyorudi Ligi Kuu. Sasa mji huo unajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027. Baba mdogo ameshaniuliza tiketi zitapatikana wapi. Nami nilimuuliza, mashindano yakiisha, nani atacheza pale kila wiki. Alifikiri kidogo, akasema Yanga watakuja.