Mbula na Nzala: Historia ya Maafa katika Kishapu



Mada ya mhadhara huu ni historia ya maafa ya asili katika jamii ndogo. Nimeichagua Kishapu, wilaya ya Mkoa wa Shinyanga iliyoundwa mwaka 2002. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mimi si mwanahistoria wala mtaalamu wa hali ya hewa. Nitaingia kwa mlango ninaoujua, yaani lugha.

Maneno maafa na gharika tumeyapokea kutoka Kiarabu. Njaa na mvua, kinyume chake, ni maneno ya Kibantu tangu asili. Msukuma wa Kishapu husema nzala na mbula. Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja kwamba Kiswahili kimedondosha sauti l iliyokuwa kati ya irabu, na Kisukuma kimeihifadhi. Jambo ninalotaka tulizingatie ni jingine: kukosekana kwa mbula si sawa na kuja kwa nzala. La kwanza hutoka angani. La pili lina historia, na historia hiyo ndiyo tutakayoifuata.

Kati ya mbula na nzala, Wasukuma waliweka kinga kadhaa, na kila kinga ilikuwa na jina. Udongo ulitofautishwa: luseni ni mchanga wa sehemu za juu, ibambasi ni ardhi ngumu isiyopitisha maji kwa urahisi, na mbuga ni udongo mweusi wa bondeni unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Mkulima aliyegawa mashamba yake katika aina mbalimbali za udongo hakupoteza kila kitu kwa mwaka mmoja mbaya. Viazi vitamu vilikatwa na kukaushwa vikawa michembe, au vilichemshwa kwanza, kisha vikakaushwa, vikawa matobolwa. Malisho yalifungwa mvua zilipoanza na kufunguliwa kiangazi kilipokaza, kwa ajili ya ndama, maksai na mifugo dhaifu. Eneo hilo liliitwa ngitili. Wapwani husema akiba haiozi. Kishapu methali hiyo ilikuwa ratiba ya mwaka.

Juu ya kinga hizo alikaa ntemi, cheo ambacho wataalamu wengi hukihusisha na kitenzi cha kutema, yaani kukata. Ntemi aliwajibika kwa mvua, na mvua ilipokataa kwa muda mrefu aliweza kuondolewa. Tusiicheke imani hiyo kwa haraka. Kiutawala ilikuwa na maana kwamba njaa ya watu ilikuwa hoja dhidi ya mtawala. Chini ya ukoloni ntemi aligeuzwa kuwa mtumishi wa serikali, na mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria.

Pigo kubwa la kwanza katika kipindi tunachokizungumzia halikutoka angani. Sotoka iliingia Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 hivi na kuteketeza ng'ombe. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, baada ya miaka 120 hivi. Pale ng'ombe walipokufa na watu kuhama, vichaka viliota upya, na vichaka vikaleta mbung'o. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, chini ya uongozi wa Charles Swynnerton, ilianza kufyeka misitu ya Shinyanga kwa nguvu kazi ya wananchi ili kuwafukuza mbung'o. Walifanikiwa, na mifugo ikarudi. Lakini miti iliyokatwa ilikuwa pia kivuli, kuni na kinga ya udongo. Baadaye pamba ilipanuka, na katika miaka ya 1970 kaya nyingi zilihamishiwa katika vijiji vipya, mbali na ngitili zao. Ngitili isiyo na mwenyewe haikudumu.

Hivyo ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliikuta nchi ambayo kinga zake zilikuwa zimekwisha kuvunjwa moja baada ya nyingine. Watu wakaanza kuliita eneo hili jangwa. Neno hilo lilikuwa kosa la kihistoria, kwa sababu lilivipa viumbe vya angani lawama iliyostahili kugawanywa.

Ushahidi ulipatikana upesi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Uliwakuta wenyeji wakiikumbuka ngitili, na mradi ukajenga juu ya neno hilo. Mikutano ya jadi, dagashida, ikatunga na kusimamia kanuni za malisho. Katika muda wa miaka 20 hivi zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto katika mkoa, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta. Mvua haikuwa imeongezewa chochote.

Mifano ya karibuni inathibitisha hoja. Mapema Machi 2015, mvua ya mawe iliua watu zaidi ya 40 katika kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama. Mawe yalitoka mbinguni, lakini wengi waliangukiwa na kuta za nyumba za udongo. Novemba 2022, ndani ya Kishapu kwenyewe, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi. Kwa macho ya mwenye shamba ilikuwa gharika kama gharika nyingine. Nani atathubutu kuiita ya asili?

Wanafunzi wapendwa, kivumishi hiki "ya asili" kinaamua mengi. Maafa yakiitwa ya asili, hakuna wa kuulizwa; hubaki msaada wa chakula na pole. Yakielezwa kwa maneno ya wenyeji, maswali hujitokeza yenyewe: ngitili ilifungwa? Michembe ilianikwa? Mashamba yalikuwa kwenye udongo gani, na nani aliwapeleka huko?

Maneno hayo wanayo wazee, na wazee wanapungua. Tafsiri ya ibambasi kwa Kiswahili huhitaji sentensi nzima, na mtoto asiyerithi neno hilo huenda asirithi hata hadhari yake. Ombi langu kwenu ni dogo. Mtakapokwenda uwandani kukusanya msamiati, msiishie kwenye viungo vya mwili na majina ya ndugu. Ulizeni mwaka wa njaa watu walikula nini, walikiweka wapi, na kiliitwaje. Kisha mwandike, na Kiswahili kiyapokee maneno hayo kama kilivyoyapokea maafa na gharika.