Bichuguu Biko Wapi?

The Siege of Jadotville ilikuwa imefika katikati, risasi zikirindima kila upande, baba mukubwa alipoinuka kitini, akasogea mpaka karibu na televisheni na kuuliza: "Bichuguu biko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Likasi bila bichuguu? Wapi! Ii filme iko ya bongo." Akarudi kukaa. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Filamu hiyo ya mwaka 2016 inasimulia Septemba ya 1961, pale kikosi cha askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, kilipozingirwa Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, kikapigana mpaka risasi zikakiishia. Ilipigwa Afrika Kusini. Aliyewahi kutoka Kipushi hadi Lubumbashi, kisha akashika njia ya Likasi, anajua kilichomuudhi mzee. Vichuguu vya Katanga hupita urefu wa nyumba, miti huota juu yake, na udongo wake hufyatuliwa matofali. Tena Septemba ndiyo miombo huchipua majani machanga mekundu kabla ya mvua, msitu ukawa kama unaungua bila moshi. Baba mukubwa alikuwa mtoto mwaka ule. Anaikumbuka Septemba ile kwa hofu ya wazazi wake na kwa wekundu wa miti, na vyote viwili hakuviona kwenye kioo.

Kwa miaka mingi hukumu zake zilinitia haya. Shuleni, kwa Kifaransa, tulifundishwa kwamba uhakiki huanza na muhtasari, ukafuata wahusika, kisha dhamira, na maoni yako mwenyewe yawekwe mwisho, sentensi moja yenye adabu. Baba mukubwa huanzia pale sisi tulipoambiwa tumalizie, na mara nyingi huishia papo hapo. Leo nasadiki kwamba anachokifanya ni uhakiki kamili. Ana kipimo chake, na kipimo hicho ukikiweka kando ya vipimo vya watazamaji wa pwani, wa ng'ambo ya mpaka, hata wa Paris, hakina sababu ya kujificha.

Kuna kisa ambacho wasomi wa Magharibi wamekisimulia mara nyingi. Marshall McLuhan alikiingiza katika The Gutenberg Galaxy mwaka 1962, akimnukuu John Wilson wa London. Mkaguzi wa afya alipiga filamu ya kuwafundisha wanakijiji wa Afrika kuondoa maji yaliyotuama, akaipiga polepole sana ili waelewe. Baada ya kuonyeshwa, watazamaji waliulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kama filamu yao ina kuku. Wakaikagua picha moja moja, wakamkuta: alikatiza pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi, akatoweka. Funzo walilolichukua ni kwamba Mwafrika hajui kusoma picha nzima. Fikra za namna hiyo ndizo zilizotawala katika Colonial Film Unit, iliyoundwa na Waingereza mwaka 1939, ambako William Sellers alisisitiza kwamba filamu za Waafrika ziende taratibu, ziwe nyepesi, zisiwe na ufundi wa kuchanganya.

Lakini kuku alikuwapo! Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki. Watu wale walimwona kiumbe ambaye mwenye kamera mwenyewe hakumwona katika kazi yake, wakamwambia kweli, naye akaiandika kweli hiyo kuwa upungufu wao. Kijijini kuku ni mali ya mtu. Anayekatiza huku amepaparika ana sababu, na mwenye macho lazima aulize amefukuzwa na nani. Baba mukubwa na vichuguu vyake anatoka katika ukoo huohuo wa watazamaji. Tofauti ni kwamba yeye aliona kisichokuwapo, na hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Kiswahili cha kwetu kinampa maneno matatu ya kutolea hukumu. La kwanza ni "njo vile": ndivyo mambo yalivyo. La pili ni "haina vile": sivyo, umekosea, rekebisha. La tatu ni "bongo", yaani uongo, na hilo halina rufaa. Hayasemi kama filamu inapendeza au haipendezi. Baba mukubwa huweza kutazama filamu ya karate mpaka usiku wa manane, akafurahi, akapiga makofi, halafu akasema ni bongo na kwenda kulala kwa amani. Furaha iko upande wake na ukweli upande wake, wala hataki kimoja kimlipie mwenzake deni.

Msomaji wa Dar es Salaam atashtuka hapa, maana kwake Bongo ni mji wake wenyewe, na filamu za Bongo ni zile zilizomfanya Steven Kanumba apendwe mbali na kwao mpaka alipofariki Aprili 2012. Neno moja, njia mbili. Hata hivyo tofauti kubwa kati yetu na ndugu zetu wa pwani haimo katika neno hilo. Imo katika swali linaloulizwa taa zikiwashwa.

Mwanahistoria Laura Fair, katika Reel Pleasures, kitabu chake cha 2018 kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania, anaonyesha jinsi filamu za Kihindi zilivyoingia katika mazungumzo ya familia Zanzibar na Dar es Salaam. Chukua Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Jaji anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Anamfukuza mkewe mja mzito kwa shaka. Mwanawe anakulia mitaani, na mwisho anasimama mahakamani mbele ya baba asiyemjua. Mtazamaji wa Unguja hakuwa na haja ya kuuliza kama Bombay ndivyo ilivyo. Aliuliza: je, baba huyu alitenda haki? Mke aliyeshukiwa bure afanye nini? Filamu ilipimwa kwa nasaha yake, kama hadithi ya bibi. Pia pwani watu wamelelewa kwenye mafumbo, katika kanga na katika taarabu, kwa hiyo hata hukumu kali huvikwa nguo kabla ya kutolewa nje. Jirani anayesema "masikini yule mama, alivumilia" huenda anamsema mtu aliyeketi safu ya mbele. Naiheshimu sana desturi hiyo. Inaweza kumkosoa mume, mkwe na kadhi bila kumvunjia mtu heshima. Lakini ina pengo: filamu inaweza kudanganya kuhusu nchi nzima, na almradi nasaha yake ni njema, itasamehewa.

Kuna tawi jingine ambalo mhakiki ameingia ndani ya filamu yenyewe. Dar es Salaam alikuwako Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kampala wako VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda. Kenya yuko DJ Afro. Wanafasiri, ndiyo, lakini pia wanamcheka shujaa, wanamwonya msichana, wanaeleza kwa nini mzungu yule hana akili. Hukumu haisubiri mwisho. Ubaya wake ni kwamba msimulizi akiwa hodari sana, wewe mtazamaji unaazima macho yake na kusahau kwamba na wewe unayo.

Ng'ambo ya mpaka wetu, katika Copperbelt ya Zambia, mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954 na kuwatazama wachimba shaba wakitazama filamu za kauboi. Walipiga kelele, walimshauri mpiganaji, kila kauboi walimwita Jack. Wale ni watu wa kazi ileile ya baba mukubwa, mchimbaji wa Kipushi, na nawahesabu kuwa ndugu zake wa karibu kuliko watu wa pwani. Mtu anayeshuka ardhini kila siku amezoea kumpigia mwenzake kelele kabla jiwe halijaanguka.

Na hapa nafika kwenye filamu iliyonifundisha kumsikiliza mzee kwa makini. Mgodi wa Kipushi ulifunguliwa mwaka 1924 na Union Minière du Haut-Katanga, ukiitwa Prince Léopold. Ukafungwa mwaka 1993. Baba mukubwa alitoka na waliotoka siku za mwisho, akaishi zaidi ya miaka 30 akiutazama mnara wa shimo namba 5, shimo la kwenda chini meta 1,240, hadi kazi ziliporudi mwaka 2024. Mwaka uleule wa 1993 Ufaransa ilitoa Germinal ya Claude Berri, iliyotokana na riwaya ya Zola. Ni filamu ya wachimba makaa wa kaskazini ya Ufaransa katika karne ya 19: hakuna mtu mweusi, hakuna miombo, hakuna kichuguu hata kimoja. Niliiweka nikitegemea kusikia bongo ndani ya dakika kumi.

Hakusema kitu. Lifti ilipoanza kushuka na watu wamebanana ndani, alishika mkono wa kiti. Ilipofika duka la Maigrat, ambako mke wa mchimbaji anaomba mkate kwa mkopo na mwenye duka anamtazama kwa macho mabaya, alitikisa kichwa: "Njo vile." Baadaye alinieleza kwamba kwenye kambi za kampuni posho ilikuwa inapimwa, na anayepima ndiye mfalme. Askari walipowamiminia risasi wagomaji, hakusubiri tukio liishe. Alitaja 1941. Tarehe 9 Desemba mwaka huo wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi katika kiwanja cha mpira cha Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, na Léonard Mpoyi aliyewasemea akauawa pamoja na makumi ya wengine. Baba mukubwa hakuwa amezaliwa. Alipewa habari hiyo na baba yake, kama watu wengine wanavyopewa shamba.

Kisha maji yakaingia mgodini. Katika filamu, Souvarine anaharibu kuta za shimo kwa makusudi na mafuriko yanawafunika watu. Hapo mzee alisimama. Kipushi ni mgodi wa maji. Usiposukuma maji nje usiku na mchana unazama, na mwaka 2011 pampu zilishindwa, maji yakapanda. "Ule mutu aliitengeneza ii filme," alisema, "alishuka chini. Ao alikaa na watu balishuka." Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote niliyowahi kumsikia akimpa msanii yeyote.

Tangu siku ile najua kwamba vichuguu havikuwa ubishi wa mtu anayetaka kwao kusifiwe. Wafaransa wa Germinal si wa kwao, akawakubali. Tshombe, kiongozi wa Katanga katika filamu ya Jadotville, ni wa kwao, akamkataa, pamoja na Wakatanga wengine ambao katika filamu ile hukimbia, hufyatua na kufa karibu bila kusema neno. Anachodai ni ushahidi: aliyesimulia awe amekaa na jambo lenyewe hadi likamzoea. Kichuguu ni mahali pa kumkamatia tu, kama hakimu anavyomuuliza shahidi siku ile mvua ilinyesha au haikunyesha.

Wakali wa namna hii wamekuwako Paris pia. Januari 1954 François Truffaut, kijana wa miaka 21, alichapisha katika Cahiers du cinéma makala ya kuzishambulia filamu za Kifaransa zilizokuwa zikisifiwa, akizishutumu kuwa zimetengenezwa na waandishi wanaowadharau watu wao wenyewe. Mwaka 1958 tamasha la Cannes halikumpa kibali. 1959 akarudi na Les Quatre Cents Coups, akashinda tuzo ya uongozaji. Ukali wake ulikuwa na jarida, na ukapata kamera. Ukali wa Kipushi una ukumbi wa nyumbani na umeme unaokatika. Sioni tofauti ya akili kati yao.

Lakini kipimo cha mzee kina mahali kinapokwama, na siwezi kupaficha. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa Augure mwaka 2023, ikapata tuzo ya Sauti Mpya katika Un Certain Regard huko Cannes. Ilipigwa Kinshasa na Lubumbashi. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mzungu. Anapompakata mtoto mchanga wa ndugu yake, pua inamtoka damu, na familia inamshika kama mchawi. Baadaye picha zinakuwa ndoto, rangi, mavazi ambayo hakuna soko linaloyauza. Baba mukubwa alianza kusogeza kiti. "Bongo," alisema.

Binti wa dada yangu, ambaye kwa kawaida hamkatizi mtu mzima, akamwambia: "Baba mukubwa, samahani. Ile damu ya pua, iko bongo?"

Alinyamaza. Sote mtaani tunafahamu watoto waliolaumiwa kwa kidogo kuliko damu ya pua. Wengine wamelala nje kwa ajili hiyo. Binti akaendelea, kwa upole lakini bila kurudi nyuma, kwamba mtu aliyeitwa mchawi na mama yake mzazi hawezi kuiona dunia kwa rangi zake za kawaida, na kwamba zile ndoto ni hali yake, si mapambo. Nikamwona mzee akiipima hoja hiyo. Haikuwa na kichuguu cha kushika, ilikuwa na mtoto.

"Na baba yake huyu Koffi," aliuliza mwishowe, "njo mwenye anafanya kazi mu mugodi, habamuone?"

"Ndiyo, baba mukubwa."

"Rudisha pale. Nione ule mugodi uko wa wapi."