Ndege ya vita ya mfano: namna ya kuiunda na kuipa sura ya chuma katika hewa ya chumvi

Ndege ya mfano inayoendeshwa kwa redio ni chombo kidogo chenye karibu kila kiungo cha ndege halisi isipokuwa rubani. Ina kiwiliwili, mabawa, mkia, rafadha, mota na betri, na huongozwa na mtu aliyesimama ardhini akiwa na kidhibiti mikononi. Kati ya aina zote zinazoundwa, hakuna inayomtoa fundi jasho kama ndege ya vita yenye sura ya chuma kitupu. Rangi ya fedha haifichi kosa. Mkwaruzo ambao rangi ya kijani ingeumeza, fedha huutangaza.

Kwa mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe, kazi hiyo ina mashaka mengine mawili. Unyevu wa pwani huweza kuiharibu rangi kabla haijakauka. Pili, uwanja wa kimataifa wa ndege wa Moi uko papo hapo Port Reitz, na ndege za abiria hupita juu ya mapaa ya watu.

Ndege za vita si kitu kigeni katika sehemu hizo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Port Reitz ulikuwa uwanja wa kijeshi, na kuanzia mwaka 1942 ndege kubwa za majini aina ya Catalina za Jeshi la Anga la Uingereza zilikuwa na kituo Kipevu, zikiilinda misafara ya meli katika Bahari ya Hindi dhidi ya nyambizi. Hizo, hata hivyo, zilipakwa rangi za kujificha.

Sura ya chuma kitupu ilienea baadaye kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1943 jeshi la anga la Marekani liliacha kudai kwamba kila ndege mpya ipakwe rangi ya kujificha. Sababu zilikuwa za hesabu tu: rangi ina uzito, hupunguza mwendo, na huchukua muda kiwandani. Ndege iliyonufaika zaidi na uamuzi huo, angalau machoni pa watu, ni P-51 Mustang, na hadi leo ndiyo inayopendwa mno na waundaji wa ndege za mfano.

Mustang ina sifa nyingine inayoweza kumvutia msomaji wa Afrika. Marubani Weusi wa Marekani wa Kundi la 332, waliofunzwa Tuskegee, waliirusha kutoka Italia mwaka 1944 wakisindikiza ndege za mabomu, na mikia ya ndege zao waliipaka rangi nyekundu. Kikosi cha 2 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini, ambacho kilikuwa kimepigana na Waitaliano kutokea Kenya katika miaka ya 1940 na 1941, kilitumia Mustang za rangi ya fedha katika vita vya Korea kuanzia mwaka 1950. Anayetaka mapambo ya kuchora ubavuni hatakosa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulikosea. Mustang halisi haikuwa chuma kitupu mwili mzima. Kiwandani, sehemu ya mbele ya bawa, takriban asilimia 40 ya upana wake, ilizibwa viungo na vichwa vya ribiti kwa puti, ikapigwa msasa, kisha bawa likapakwa rangi ya alumini ili hewa iteleze juu yake bila kikwazo. Kwa hiyo kiwiliwili kilikuwa na mng'ao wa bati, ilhali bawa lilikuwa na rangi ya fedha iliyofifia. Mfano unaong'aa kotekote kama sufuria mpya hupendeza, lakini si Mustang.

Vipimo si vigumu kuvipata. Mabawa ya ndege halisi yana upana wa mita 11.28 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa ndege ni mita 9.83. Mfano ulio sehemu moja kwa nane ya ukubwa huo utakuwa na mabawa ya mita 1.41 na urefu wa mita 1.23, kipimo kinachobebeka hata ndani ya matatu bawa likivuliwa. Uzito wa kilo mbili na nusu ni wa kuridhisha. Kila gramu inayoongezwa hulazimisha ndege itue kwa kasi zaidi, na Mustang ikipunguzwa mwendo kupita kiasi huangusha bawa moja bila onyo.

Mti wa balsa, mwepesi kuliko mbao zote zinazotumika katika kazi hii, hutoka zaidi Ecuador. Usipopatikana, lile povu jeupe la kufungashia televisheni na friji hufaa, likikatwa kwa waya uliopashwa moto na kuimarishwa kwa vipande vyembamba vya plaiwudi mahali pa mota, magurudumu na maungio ya bawa. Mhimili wa bawa ni lazima uwe wa mbao au bomba la kaboni. Povu peke yake litavunjika ndege ikikunja kona.

Povu hilo lina adui mmoja, nalo ni thina. Rangi ya magari ikipulizwa moja kwa moja juu yake, hulila kama chumvi ndani ya maji. Dawa ni kulifunika kwanza. Njia rahisi ni karatasi ya kaki iliyolowekwa kwa gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji. Njia bora ni kitambaa chembamba kabisa cha faiba, chenye gramu 25 hivi kwa mita mraba, pamoja na gundi ya epoksi. Mafundi wa mashua za faiba wanaijua kazi ya aina hii, ila watahadharishwe kwamba resini yao ya kawaida ya poliesta nayo hula povu hilo, na kwamba kitambaa cha mashua ni kizito mno kwa ndege.

Baada ya hapo ndipo subira hupimwa. Msasa namba 220 hutangulia, kisha 400, kisha 600, na hatimaye 1000 kwa maji. Rangi ya msingi ya kijivu hupulizwa, hutazamwa chini ya taa iliyowekwa pembeni ili kila shimo lionekane, huzibwa, hupigwa msasa, hupulizwa tena. Anayetaka mng'ao wa kioo hutanguliza rangi nyeusi inayong'aa. Fedha ikipita juu yake kwa tabaka nyembamba hupata kina. Vipande vya bati vya ndege halisi havikuwa na rangi moja, hivyo baadhi huzibwa kwa utepe wa karatasi, na vilivyobaki hupulizwa fedha iliyotiwa tone la nyeusi au la kahawia. Mbele ya kioo cha rubani huja kijani kibichi kilichofifia, kilichowekwa kuzuia mwako wa jua. Michirizi myeusi na myeupe ya uvamizi wa Normandy wa Juni 1944 ilikuwa na upana wa sentimita 46 kila mmoja. Katika mfano huu, sentimita 5.7.

Tatizo la Mombasa hujitokeza hapa. Thina ikiruka hupoza uso wa rangi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hujikusanya juu yake. Rangi hutoka na ukungu mweupe. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, haifai. Januari na Februari, majira ya kaskazi, huwa bora, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Thina inayokauka polepole nayo husaidia. Vanishi ya juu huilinda rangi, lakini hupunguza mng'ao wa chuma. Ni afadhali ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kutupa. Vanishi ya magari inayochanganywa na dawa ya kukazia ina sumu inayodhuru mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Kazi hiyo apewe fundi mwenye kinyago kinachostahili na chumba chenye hewa.

Wapo wanaoiacha rangi kabisa na kutumia utepe wa alumini, ule wa mafundi wa viyoyozi. Hubandikwa kipande kwa kipande, hulainishwa kwa kijiti, kisha husuguliwa kwa sufi ya chuma, kila kipande upande wake. Gurudumu la meno la fundi cherehani huchora safu za ribiti. Hakuna rangi inayofikia uzuri huo. Uzito wake nao si haba: alumini yenye unene wa mikroni 40 ni gramu 108 kwa mita mraba, kabla ya kuhesabu gundi yake.

Lakini alumini huzuia mawimbi ya redio. Vidhibiti vya sasa hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na kipokezi kilichofungiwa ndani ya kiwiliwili kilichovikwa bati huweza kukosa mawasiliano ndege ikigeuka upande fulani. Kitu cha kilo mbili na nusu chenye rafadha inayozunguka, kisichosikia amri, ni hatari kwa yeyote aliye chini. Nyuzi za antena zitolewe nje, ziwe na pembe mraba kati yao, au zipitishwe chini ya sehemu isiyo na bati, kama kifuniko cha rubani. Kisha jaribio lifanyike ardhini: kidhibiti kiwekwe kwenye hali ya nguvu ndogo, ndege izungushwe pande zote, na vibawa vitazamwe kama vinatii. Rangi yenye vumbi la alumini haizuii kama bati, ila jaribio ni lilelile.

Betri za lithiamu ziwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto zinapochajiwa, na uzani wa ndege usawazishwe kwenye robo ya upana wa bawa kutoka mbele, au nyuma yake kidogo.

Mahali pa kuirusha ni swali la sheria kabla ya kuwa swali la nafasi. Mamlaka ya safari za ndege nchini, KCAA, ndiyo inayosimamia anga, na Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo visivyo na rubani. Changamwe, iliko njia ya kurukia ya Moi, ifutwe kabisa katika mawazo. Likoni na Kisauni pia ziko karibu kiasi kwamba ni lazima KCAA iulizwe kwanza na jibu lipatikane kwa maandishi. Ufuo uliojaa watu haufai hata kukiwa na kibali.

Ndege ikirudi nyumbani, ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ikaushwe. Vijiti vya chuma vya kusukuma vibawa hushika kutu mapema, na utepe wa alumini usiooshwa huota madoa meupe kwenye kingo, ambayo hayatoki kwa kusugua.